Je, Yatupasa Kumtafuta Aliyekwisha Kufa Majini?

Liko swali moja ambalo watu wakaao kando ya maziwa na bahari huulizana kwa sauti ya chini, hasa jioni ya siku ya tatu, wakati mitumbwi irudipo ufukoni mitupu. Mtu amezama. Jamaa zake wameketi mchangani, hawali wala hawalali. Wavuvi wamekokota nyavu tangu alfajiri, wala hawakumpata. Ndipo mzee mmoja asema, "Basi, tuache. Aliyekufa amekufa, tusije tukampoteza na mwingine." Naye mama wa marehemu ajibu, "Je, nimwache mwanangu humo kama jiwe?" Wote wawili wamenena neno lenye kweli. Sisi tulio Wakristo tutasimama upande gani?

Zamani swali hili lilikatwa na maji yenyewe. Maji yakikataa kumtoa mtu, hapakuwa na la kufanya. Lakini siku hizi viko vyombo vinavyoweza kumwona aliyelala chini ya maji mengi, mahali pasipofika jicho wala mkono wa mvuvi. Kwa hiyo hatuwezi tena kusema, "Haiwezekani," tukaenda zetu. Palipo na uwezo, hapo pana wajibu wa kuchagua. Na mtu achaguaye hana budi kujua kwa nini amechagua.

Ndugu zetu wa Bukoba na Mwanza hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli iitwayo MV Bukoba ilipinduka ikazama karibu na Mwanza. Waliokufa wakadiriwa kuwa zaidi ya 800, wala hesabu yao kamili haijulikani, kwa maana abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Wapiga mbizi walikuja, hata kutoka Afrika Kusini, ili kuwatoa waliofungwa ndani ya meli. Wengi walizikwa pamoja katika makaburi ya Igoma. Lakini wako ambao hawakutoka majini kamwe, na jamaa zao hata leo, wakiulizwa, "Kaburi liko wapi?" hunyosha mkono kuelekea ziwani, wakanyamaza.

Kwanza na tukifahamu chombo chenyewe, tusije tukakisifu kupita kiasi wala kukiogopa bure. Jina lake ni sona. Kazi yake si uchawi, nasi twaweza kuielewa kwa mfano wa popo. Popo arukapo usiku hulia kwa sauti nyembamba isiyosikiwa na masikio yetu. Sauti ile hugonga ukuta, au mti, au mdudu, ikarudi kuwa mwangwi. Naye kwa mwangwi huo hujua kilichoko mbele yake. Sona hufanya vivyo hivyo majini. Mwanga haupenyi mbali katika maji, hasa yakiwa na tope. Lakini sauti hupita vizuri, huenda kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde moja, yaani zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Mashua huenda polepole, ikikokota kwa kamba chombo chenye umbo la samaki. Chombo hicho hupeleka sauti kuume na kushoto, na mwangwi urudio huandikwa mstari kwa mstari, hata ikatokea picha ya sakafu ya ziwa. Kila kilichoinuka juu ya tope huizuia sauti, na nyuma yake hubaki kivuli, kama kivuli cha mtu jua likielekea kuchwa. Mara nyingi kivuli hicho ndicho kimjulishacho mtazamaji ya kuwa mahali hapa amelala mwanadamu.

Hata hivyo chombo hiki kina mipaka yake. Penye mawe mengi au magogo, mtu hufichika. Tena sona haionyeshi uso, wala haimwinui mtu. Huonyesha mahali tu. Baada yake lazima ashuke mpiga mbizi, au kamera na mashine yenye mkono. Lakini kule kuonyesha mahali ni jambo kubwa, kwa sababu apigaye mbizi akijua aendako hukaa hatarini muda mfupi, bali asiyejua hupapasa gizani siku nyingi.

Yafaa pia kukumbuka jinsi chombo hiki kilivyozaliwa. Baada ya meli ya Titanic kugonga mlima wa barafu na kuzama mwaka 1912, watu wenye elimu walitafuta njia ya kugundua barafu kabla ya kuigonga, na mwaka 1914 Reginald Fessenden alifaulu kupata mwangwi kutoka katika mlima wa namna hiyo. Kisha ilikuja vita kuu ya mwaka 1914 hata 1918, na Paul Langevin wa Ufaransa, pamoja na wengine, waliiendeleza kazi hiyo ili kuzigundua nyambizi za adui. Hivyo maarifa yaliyoanza kwa kutaka kuokoa yakakuzwa kwa kutaka kuua, na leo yamerudi kuwa kazi ya rehema. Nabii Isaya alitazamia siku ambapo chuma cha vita kitakuwa chombo cha shamba. Twaweza kuona alama ndogo ya siku hiyo katika mashua iendayo polepole juu ya maji, ikimtafutia mama mwanawe.

Jambo kama hilo lilitokea katika pwani yetu. Tarehe 29 Septemba 2019 mama mmoja na binti yake mdogo walikuwa ndani ya gari, juu ya kivuko cha Likoni, Mombasa. Gari likateleza kinyumenyume likaanguka baharini. Mkondo wa pale ni mkali, na chini ni giza. Wanamaji wa Kenya walitafuta, na wapiga mbizi wengine wakaja kusaidia, hata kutoka Afrika Kusini, wakitumia sona na kamera. Siku zikapita, na nchi nzima ikangoja pamoja na jamaa waliokuwa ufukoni. Gari lilionekana katika kina cha mita 58 hivi, na tarehe 11 Oktoba likatolewa, nao wawili wakiwamo ndani yake. Hakuna aliyefufuka siku ile. Lakini walioomboleza walipewa kilio chenye mwisho.

Sasa na tusikie neno la mzee yule asemaye, "Tuache." Asidharauliwe, maana ana mashahidi katika Maandiko. Musa, mtumishi wa Mungu, hana kaburi lijulikanalo, wala hakupungukiwa na kitu kwa ajili hiyo. Bwana Yesu alimwambia mtu aliyetaka kwenda kumzika baba yake kwamba kazi ya ufalme yatangulia. Na kitabu cha Ufunuo, katika sura ya 20, chatufundisha ya kuwa bahari nayo itawatoa wafu waliomo ndani yake. Ikiwa bahari itawatoa siku ile kwa amri ya Mungu, ya nini kuhangaika leo kwa kamba na mashine? Je, Mungu atamsahau mtu kwa sababu hakulala katika udongo?

Sisi twajibu kwa nguvu: hatamsahau. Na jambo hili walimu wetu walifundishe bila kusitasita, kwa kuwa wako wengi waogopao kwamba roho ya mtu aliyefia majini haitulii mpaka mwili wake upatikane. Hofu hiyo si ya Injili. Aliyebatizwa katika Kristo amekwisha kuzikwa pamoja naye siku ya ubatizo wake. Kaburi la ziwa haliwezi kumwondolea lile alilopewa. Karibu mwaka 421 Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliulizwa na askofu mwenzake, Paulino wa Nola, juu ya faida ya kuzikwa mahali patakatifu. Katika jibu lake alifundisha ya kuwa mambo ya mazishi ni faraja ya walio hai kuliko msaada kwa waliokufa.

Basi, kama ni hivyo, mzee ameshinda? La. Augustino yule yule alisema pia ya kuwa miili ya wafu isitupwe wala isidharauliwe, kwa maana Roho wa Mungu aliitumia kama vyombo vya matendo mema. Tena na tuulize: faraja ya walio hai ni jambo dogo? Nani ametupa ruhusa ya kuiita ndogo? Ibrahimu alinunua shamba la Makpela kwa fedha nzuri ili amzike Sara. Yusufu wa Arimathaya alijihatarisha mbele ya Pilato kwa kuuomba mwili wa Bwana. Na katika kitabu cha pili cha Samweli twasoma habari za Rispa, aliyeketi juu ya mwamba tangu mwanzo wa mavuno hata mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku, wasiiguse miili ya wanawe. Rispa hakuwafufua, wala hakuwaongezea wokovu. Lakini mfalme Daudi aliposikia, hakumcheka. Aliikusanya mifupa yao akaizika. Mfalme alijifunza wajibu wake kwa mama aliyekataa kuondoka. Kila mama aketiye ufukoni ni ndugu wa Rispa.

Tena liko jambo la kweli. Mtu asipoonekana, uongo hupata nafasi. Mke hajui kama ni mke au mjane. Wengine wasema, "Ametoroka, yuko ng'ambo." Wengine wataja jirani kwamba amemroga. Watoto husikia mlango usiku, wakadhani baba amerudi. Tumewaona watu walioishi hivyo miaka mingi, na huzuni yao haikupungua bali ilichacha. Sisi wenyewe tuliwahi kumwambia mama mmoja, siku ya pili tu, ya kwamba asiyatazame maji, kwa kuwa mwanawe yuko kwa Mungu. Maneno yetu yalikuwa kweli, lakini tuliyasema mapema, ili sisi tupumzike. Alitutazama, akarudi kuyatazama maji. Tangu siku ile tumejua kwamba imani haimkatazi mtu kutafuta, na kwamba yuko mtu ahubiriye ufufuo kwa sababu amechoka kuketi na mwenye kulia.

Kwa hiyo twasema: kumtafuta aliyezama ni deni la upendo. Hatulipi kwa aliyekufa, kana kwamba ametudai. Twalilipa kwa walio hai, na kwa heshima ya mwili ambao Mungu aliuumba na ambao atauinua. Lakini kila deni la upendo lina kipimo, na hapa neno la mzee lapata nguvu yake.

Kipimo cha kwanza: uhai usitolewe kwa ajili ya maiti. Huko Afrika Kusini liko shimo la maji liitwalo Boesmansgat, lenye kina cha mita 270 hivi. Mwaka 1994 kijana mmoja alifia humo. Miaka 10 baadaye mpiga mbizi wa Australia, Dave Shaw, aliikuta maiti yake sakafuni, akaazimia kurudi kuileta kwa wazazi wake. Tarehe 8 Januari 2005 alishuka, naye akafa huko chini. Baada ya siku chache, wenzake walipokuwa wakivuta kamba na vyombo, maiti zote mbili zilipanda juu. Hatumhukumu mtu huyo. Moyo wake ulikuwa mwema. Lakini nyumba moja ilipata mwana wa kuzika, na nyumba nyingine ikapata mjane. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Martin Luther aliandika barua juu ya swali la kukimbia au kukaa. Alifundisha ya kuwa mwenye jirani amhitajiye asimwache. Bali ajitupaye hatarini bila haja, huyo anamjaribu Mungu. Sheria hiyo yatufaa hata majini. Kwa ajili ya aliye hai tutakubali hatari kubwa. Kwa ajili ya aliyekufa tutakubali taabu, na gharama, na kukesha, lakini si mauti. Na hapa ndipo sona inapokuwa zawadi, kwa kuwa yapunguza hatari ya mtafutaji bila kuikatisha kazi yake.

Lakini tuwe waangalifu tusimwite mtu maiti kabla ya wakati. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu zaidi ya 220 wakafa, fundi mmoja wa mitambo alitolewa akiwa hai baada ya siku mbili, maana alikuwa amebaki mahali penye hewa ndani ya kivuko. Mzee asemapo, "Tuache," na amwulize kwanza mtu ajuaye.

Kipimo cha pili: haki. Vyombo hivi ni vya fedha nyingi, na wajuao kuvitumia ni wachache. Kwa ajili ya ajali ivutayo macho ya nchi nzima, vyombo huja. Kwa ajili ya mvuvi mmoja aliyetupwa na dhoruba usiku, haji mtu ila ndugu zake na mtumbwi wao. Mtume Yakobo alilionya kanisa lisimpe mwenye mavazi mazuri kiti chema na kumwambia maskini asimame kando. Tusidhani ya kuwa onyo hilo lahusu viti vya kanisani tu. Huko Marekani mume na mkewe, Gene na Sandy Ralston wa jimbo la Idaho, walipata sona yao mwaka 2000, wakasafiri nayo katika maziwa ya Marekani na Canada. Maziwa mengi ya huko ni ya baridi na kina kirefu, ambamo maiti huweza kukaa chini wala isielee, tofauti na maji yetu ya joto ambamo mara nyingi huinuka baada ya siku chache. Waliwapata watu zaidi ya 100, wala hawakudai mshahara, ila gharama za safari yao. Hawakuuliza kwanza aliyezama ni mtu wa namna gani. Hiyo ndiyo haki tunayoinena.

Na haki hiyo ina upande mwingine uumizao. Ikiwa usharika wa visiwani una fedha za jambo moja tu, zisiwekwe kwa ajili ya kuwatafuta wafu kabla ya kununua majaketi ya kuokolea walio hai. Ingekuwa aibu kwetu kujua kuwatafuta watu vizuri tuliowaacha wapande vyombo vilivyojaa kupita kiasi. Mwenye kuandika majina ya abiria kabla ya safari amefanya kazi ya rehema ambayo chombo chochote hakiwezi kuifanya baadaye.

Kipimo cha tatu: mwisho. Meli iitwayo Sewol ilizama Korea ya Kusini tarehe 16 Aprili 2014, na watu 304 wakafa, wengi wao wanafunzi. Wapiga mbizi wawili walifariki katika kazi ya kutafuta. Meli yenyewe iliinuliwa mwaka 2017, wakachungua humo kwa uangalifu. Hata hivyo watu watano hawakuonekana. Mwezi wa Novemba mwaka huo jamaa zao walikubali, wakafanya mazishi, wakiweka mavazi na vitu vya wapendwa wao mahali pa miili. Wajaluo nao, huku kwetu kando ya Ziwa Viktoria, walikuwa na desturi ya kuzika tunda la mti wa yago mahali pa mtu aliyepotea asionekane. Watu wa nchi mbili zisizojuana wameiona haja moja: siku ifike, kilio kipate mahali pa kukaa.

Basi ninyi walimu na wainjilisti wa sharika za kando ya maji, twawashauri hivi. Ajali ikitokea, mwende ufukoni, mkae. Msianze kwa kuhubiri. Mwulizie kwanza waliopona, na watoto waliobaki nyumbani kama wamekula. Msaidieni mwenye kutafuta, lakini mzuieni kijana ajitupaye majini kwa uchungu. Kikiwapo chombo mahali fulani, mkiombe kwa serikali bila kuona haya, kwa ajili ya maskini kama kwa ajili ya mkubwa. Shaurianeni mapema na jamaa na wazee, mkitaja wazi siku ambayo utafutaji utakoma, isije ikawa watu mmoja mmoja wanaondoka kimyakimya na mama akabaki peke yake. Siku hiyo ikifika, kusanyeni usharika wote penye maji, mkafanye ibada ya maziko kwa jina la marehemu, mkimkabidhi kwa Mungu ajuaye alipo. Jamaa wakitaka kuzika vazi lake, msiwacheke. Wafundisheni tu kwamba ni ukumbusho, wala si dawa ya kutuliza roho. Na baada ya ibada, msiwaache. Maana mwezi wa sita ni mzito kuliko siku ya sita.

Twamrudia mama aliyeuliza kama amwache mwanawe kama jiwe. Sasa twaweza kumjibu: Hapana, mama, tutamtafuta kwa nguvu zetu zote na kwa akili zote tulizopewa, mpaka pale ambapo kutafuta kungemwondolea mama mwingine mwanawe. Hapo tutasimama, nawe utasimama pamoja nasi. Macho yetu yatakuwa yamefika mwisho, na vyombo vyetu pia. Lakini uko mkono ambao kwake hakuna kina wala giza, na huo hautaacha kumshika. Mungu, aliyeyawekea maji mipaka yake, awafariji wote wasio na kaburi la kuonyesha, na atupe sisi upendo ujuao kutafuta, na imani ijuayo kukabidhi. Amina.